Kugeuza negativu za zamani kuwa picha za kidijitali kwa kamera uliyonayo

Maswali ni yale yale. "Nina bahasha ya negativu za marehemu mzee, nizifanyeje?" "Lazima ninunue skana?" "Si niipige tu kwa simu ile picha ya kwenye albamu, yaishe?" "Mbona nikigeuza rangi inatoka buluu tupu?" Badala ya kujibu kipande kipande, naiweka hapa kazi nzima, kuanzia bahasha mpaka picha ya kumtumia shangazi.

Skana si lazima. Na kama negativu unayo, yaani ile filamu ambayo nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi nyeupe, achana na picha ya karatasi. Ile karatasi ni uamuzi wa fundi wa maabara siku ile, tena siku yenye foleni. Kilichoingia kwenye lenzi kimebaki kwenye negativu. Jambo hili kwetu sisi lina uzito wake. Kwa miaka mingi Kodak ilisambazia maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikajulikana kwa jina la Shirley. Mashine ikishapangwa ili ngozi ile itoke vizuri, nyeusi ndiyo inayoumia. Fungua albamu yoyote ya harusi ya miaka ya 1970 au 1980: gauni safi, keki safi, uso wa bwana harusi doa jeusi lenye meno. Sasa shika negativu ya picha hiyohiyo mbele ya dirisha. Mara nyingi mashavu yapo, paji la uso lipo, hata jasho lipo.

Nadharia utakayohitaji ni ndogo. Filamu ya negativu huvumilia mwanga mwingi, na sehemu nyeupe za tukio huwa nzito kwenye negativu bila kupotea. Sensa ya dijitali, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, haina uvumilivu huo: nyeupe ikishapita kiwango, hakuna programu ya kuirudisha. Unapopiga picha ya negativu mambo yanageuka juu chini, kwa kuwa sehemu angavu kuliko zote kwenye negativu ndiyo sehemu nyeusi kuliko zote kwenye picha. Ukizidisha mwanga unapoteza nywele, suti na vivuli, wala si mawingu. Likumbuke hilo ukifika hatua ya 8.

Kabla hujaanza, kusanya vitu hivi

- Kamera ya dijitali ya kubadili lenzi, hata kuukuu. Megapikseli 24 zinatosha kabisa: ni pikseli 6000 kwa 4000, na picha ya hivyo unaichapa kwa upana wa sentimita 50 ikabaki imekaza.
- Lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Huna? Tafuta mirija ya kurefusha lenzi, ile isiyo na kioo ndani, inayofungwa kati ya kamera na lenzi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekewa mirija yenye jumla ya milimita 50 inapiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye sensa.
- Stendi imara ya kuielekeza kamera chini. Mguu wa mashine ya kukuzia picha ya chumba cha giza ni dhahabu. Ukiuona unauzwa kama chuma chakavu, nunua.
- Taa bapa ya LED, ya kuchorea au ya video. Iwe na CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia) ya 95 kwenda juu, la sivyo rangi ya ngozi itakusumbua. Kishikwambi chenye skrini nyeupe kinafaa kwa kuanzia.
- Manila nyeusi au kadibodi, na wembe.
- Kipande cha plastiki nyeupe kama maziwa, cha kusambaza mwanga.
- Pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, brashi laini ambayo haijawahi kugusa vipodozi, na glavu za pamba.
- Kioo kidogo bapa cha kujitazamia. Kazi yake utaiona.
- Kompyuta yenye darktable na GIMP, programu za kuhariri picha. Zote mbili ni za bure.

Wa simu msikate tamaa. Simu yenye makro, ikiegeshwa kwenye kitu kisichotikisika, inatoa picha nzuri ya kutumiana na hata ya kuchapa ukubwa wa postikadi. Hatua ni hizihizi, ila kwenye kugeuza rangi utatumia Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha: ingia "Curves", ncha ya kushoto ya mstari ipandishe hadi juu, ya kulia ishushe hadi chini.

Hatua

1. Nusa, kisha soma pembeni. Ukifungua bahasha ukapokelewa na harufu ya siki, filamu imeanza kuoza yenyewe na inaweza kuambukiza wenzake; itenge, uipige mwanzo. Halafu tazama maandishi madogo ya ukingoni. Neno SAFETY lina maana kwamba filamu haishiki moto kirahisi. Negativu za kabla ya miaka ya 1950 zisizo na neno hilo huenda ni za nitreti, aina ya zamani ya filamu inayowaka vibaya mno. Hizo zisiwekwe juu ya taa yenye joto wala karibu na jiko, na zikiwa nyingi zipelekwe kwa watu wa nyaraka.

2. Andaa chumba. Fanya kazi usiku au funga mapazia mazito. Piga deki saa moja kabla ili vumbi litulie. Kisha zima feni. Najua, kwa joto la Dar au Mombasa hiyo ni adhabu, lakini feni ndiyo msambazaji mkuu wa vumbi na pia hutikisa stendi. Jifunge kitambaa kwenye paji la uso. Tone la jasho likidondokea upande wenye picha, hulitoi. Vaa fulana nyeusi, maana nyeupe hujiakisi kwenye filamu.

3. Ondoa vumbi kwa mkono mwepesi. Shika filamu kwenye kingo tu. Puliza kwa pampu pande zote mbili, kilichogoma kisogeze kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, mate hayakosekani. Usisugue kwa fulana, na usitumie spiriti ya dukani iliyotiwa rangi. Ukiona utando wa kuvu, ule wenye matawi kama mizizi, maji ni marufuku: kuvu hulainisha jelatini inayobeba picha, ukitia maji inaondoka nayo. Negativu zilizogandana usizivute. Ziweke kando zisubiri mtu mwenye uzoefu.

4. Panga taa na filamu. Kata dirisha kwenye manila, milimita 38 kwa 26. Fremu ya filamu ya mm 35 ni 36 kwa 24, kwa hiyo utaona ukingo kidogo wa filamu tupu kuizunguka picha, na ukingo huo una kazi baadaye. Negativu kubwa za mraba za studio, sentimita 6 kwa 6, zikatie dirisha lake. Taa yote iliyobaki nje ya dirisha ifunike kwa manila. Filamu isilale juu ya taa moja kwa moja: iinue sentimita 4 au 5, katikati weka ile plastiki nyeupe. Kwa wa kishikwambi hili ni sharti, vinginevyo utapiga vidoti vya skrini. Upande unaong'aa uelekee kamera. Herufi za ukingoni zikisomeka kawaida, umepatia.

5. Nyoosha kamera kwa kioo. Weka kile kioo mahali filamu itakapolala, uso juu. Tazama kwenye skrini ya kamera: utaiona lenzi yako ikikutazama. Sogeza kamera mpaka duara la lenzi likae katikati kabisa ya skrini, basi kamera na filamu ziko sambamba. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana ya kitoto, kisha wanalalamika kwamba upande mmoja wa picha umefifia.

6. Panga kamera. Faili RAW, yaani ghafi, isiyobanwa wala kupambwa na kamera. ISO 100. Tundu la lenzi f/8. Kitulizo cha mtikisiko zima. Kipima muda sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kitu. Mizani ya weupe, yaani kile kipimo cha kamera cha nyeupe kuwa nyeupe, ipime kwenye taa tupu, bila filamu, kisha usiiguse mpaka mkanda uishe. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe ya polepole, 1/15 ya sekunde au polepole zaidi, kwa kuwa taa nyingi za LED na skrini hupepesa bila jicho kuona na shata ya haraka hutoa michirizi.

7. Fokasi kwenye chembe, si kwenye picha. Zima fokasi ya kujiendesha. Kuza skrini hadi mwisho, zungusha lenzi polepole mpaka zitokee chembechembe za filamu kama mchanga mkavu. Usitafute macho ya mtu. Huenda mpiga picha wa mwaka 1983 mwenyewe hakuyapata. Chembe zikikaza, umeshachukua kila kilichomo.

8. Pima mwanga. Fungua histogramu ya rangi tatu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia. Kwenye negativu ya rangi, nyekundu ndiyo itakayokimbilia kulia kuliko nyingine, sababu ya ile rangi ya chungwa ya filamu. Punguza au ongeza muda wa shata mpaka nyekundu ikaribie ukuta wa kulia bila kuugusa. Histogramu ya rangi moja hukudanganya hapa. Itasema salama wakati nyekundu imeshaungua.

9. Piga mkanda mzima bila kubadili kitu. Anza na picha moja ya filamu tupu, ile sehemu ya mwanzo wa mkanda. Kisha fremu zote kwa mpangilio, hata zile unazoziona mbovu. Ukianza kuchagua ukiwa unatazama negativu utaruka picha nzuri, maana jicho halisomi sura iliyogeuzwa. Fremu nzito sana, karibu nyeusi, iongezee muda wa shata, uipige mara mbili.

10. Geuza. Kwenye darktable fungua RAW, zima moduli ya "filmic rgb" au "sigmoid", yoyote iliyowashwa, kisha washa "negadoctor". Chagua kama filamu ni ya rangi au nyeusi na nyeupe. Chukua kichagua rangi cha "D min", uchore kisanduku kwenye ule ukingo wa filamu tupu uliouacha hatua ya 4. Hapo programu inaijua rangi ya chungwa na kuiondoa. Fuata "D max", yaani sehemu nzito kuliko zote ya negativu, kisha kichupo cha masahihisho, mwisho kile cha uchapaji, ambako mwanga na ukali wa picha unavirekebisha kama ungekuwa kwenye chumba cha giza. Ukipata mpangilio mzuri, unakili kwa fremu zote za mkanda.

    Anayetaka GIMP, atoe kwanza TIFF ya biti 16 (faili kubwa isiyopoteza ubora), akate kingo zote nyeusi, ndipo aingie "Colors", "Invert". Itatoka buluu iliyopauka, usiogope. Fungua "Levels", chagua Red, vuta vishale viwili mpaka pale kilima cha histogramu kinapoanzia na kinapoishia. Rudia Green, rudia Blue. Kazi kubwa imeisha. Ukisahau kukata kingo, histogramu itahesabu na manila yako, na vishale vitakuwa vimepotea njia.

11. Rangi, na hapa usikimbie. Tafuta kitu unachojua kilikuwa cheupe: shati la shule, kanzu, ukuta wa chokaa. Kisawazishe hicho kwanza. Kisha nenda usoni. Pandisha vivuli kidogo kwa "Curves" mpaka umbo la shavu na taya litokee, ukiziacha nywele zibaki nyeusi. Ngozi nyeusi iliyopigwa vizuri ina wekundu ndani yake na mng'ao mahali mwanga ulipogusa. Ikiwa ya kijivu, ongeza nyekundu na njano kwa kipimo cha chumvi. Lengo ni kumwona mtu, basi. Usimng'arishe bibi akatoka kama aliyepaka mkorogo. Zima skrini, kanywe chai, urudi. Jicho lililokaa muda mrefu kwenye rangi mbaya huizoea.

12. Vumbi. Kumbuka vumbi kwenye negativu hutokea jeupe kwenye picha, na mkwaruzo uliochimba hadi kuondoa utando wenye picha hutokea mweusi. Tumia "Heal" ya GIMP, brashi ndogo, kuza asilimia 100, safiri kutoka kona ya juu kushoto kwa mistari. Anza na nyuso. Chembe za filamu ziache. Na zile programu za akili mnemba za "kuboresha uso" mimi siziruhusu kwenye picha za familia: zinatengeneza macho ambayo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuwa nayo, na baada ya miaka kumi wajukuu wataapa kwamba babu alikuwa hivyo.

13. Hifadhi mara mbili, tena kwa majina yanayoeleweka. Jina kama 1987_Tanga_harusi_mkanda03_12 litamfaa hata mtu asiyekujua. Weka RAW, weka TIFF ya picha bora tu (ya megapikseli 24 kwa biti 16 inakula karibu MB 144), na JPEG ya kugawa. Nakala moja diski ya nje, nyingine mtandaoni au kwa ndugu wa mji mwingine. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, na kazi yako ya usiku mzima inaishia hapo.

Negativu zenyewe usizitupe. Ziingize kwenye mifuko ya polipropilini, siyo ya PVC, ndani ya kopo linalofunga pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kwa watu wa pwani ukungu ni adui wa kila masika. Darini pia pasiwe mahali pake, bati la mchana linaoka kila kitu.

Ikikugomea

*Picha ina duara duara zenye rangi za upinde wa mvua.* Umebana filamu na kioo, na upande unaong'aa umegusana nacho. Ondoa kioo, tumia manila mbili zenye dirisha kama sandwichi. Filamu iliyojikunja iache siku mbili ndani ya kitabu kizito, katikati ya karatasi safi.

*Katikati pameng'aa, pembeni giza, au kinyume chake.* Taa ni ndogo mno au iko karibu mno. Piga plastiki tupu bila filamu uone kama weupe ni sawa kote. Usijaribu kurekebisha kwa programu kabla ya kurekebisha mezani.

*Upande mmoja umekaza, mwingine umefifia.* Rudi kwenye kioo, hatua ya 5.

*Michirizi ya mlalo.* Shata ni ya haraka kuliko taa yako inavyomudu. Nenda 1/8 au hata nusu sekunde, na usiguse meza.

*Rangi inabadilika kati ya fremu na fremu.* Mizani ya weupe umeiacha ijiendeshe, au kuna mwanga wa taa ya ukumbini unaoingia chini ya mlango.

*Nyekundu ya damu kwenye vivuli, kijani kwenye mwanga.* Hii kwa kawaida ni filamu iliyochoka, imekaa kwenye joto miaka mingi, na tabaka zake za rangi hazikufifia kwa mwendo mmoja. Rekebisha vivuli na mwanga kila kimoja peke yake kwa "Curves" za kila rangi. Ikishindikana, ifanye nyeusi na nyeupe. Si aibu.

*Negativu inapenyeza karibu kama kioo na uso hautoki.* Siku ile mwanga haukufika kwenye filamu. Hapo hakuna cha kuvuta; toa picha ndogo, uikubali.

*Nina picha za karatasi tu, negativu hatujawahi kupewa.* Studio nyingi zilibaki nazo. Geuza picha utazame muhuri na namba nyuma, kisha ulizia kama studio au warithi wake bado wapo. Nyingine zilidumu sana: Capital Art Studio ya Zanzibar ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaja kuiendesha baada yake. Usipoambulia kitu, piga karatasi hiyo chini ya taa mbili, kulia na kushoto, kila moja kwa pembe ya digrii 45 ili isimeremete.

*Nimepata slaidi, si negativu.* Slaidi ni filamu ambayo picha yake tayari ina rangi za kawaida. Rahisi zaidi, hakuna cha kugeuza. Ila ya kuangalia ni weupe usiungue, siyo vivuli.

*Nimepata mkanda haujasafishwa kabisa.* Usiuvute nje ya kopo hata kidogo kuchungulia. Soma ganda: palipoandikwa C-41, njia ya kawaida ya kusafisha negativu za rangi, maabara zinazosafisha filamu za rangi bado zinaupokea, ingawa rangi itakuwa imechoka. Palipoandikwa Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak yenye usafishaji wake wa pekee, rangi haipatikani tena popote. Maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kupokea mikanda hiyo tarehe 30 Desemba 2010. Wachache bado huisafisha kwa dawa ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo uliza hilo kwa jina kabla hujakabidhi mkanda.